Jibu la Koki

Simu ilipoita, msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja. Upande wa kushoto nywele zimeshalala, mistari imenyooka inavyotakiwa. Upande wa kulia bado ni kichaka. Akaiacha iite. Ikaita tena. Mara ya tatu akaibana begani, vidole vikiendelea na kazi, akamsikia mama yake analia.

"Wamemchukua Koki. Polisi. Wanasema mwizi."

Mwizi! Koki, ambaye ukisahau pochi yako mezani atakufuata nayo mpaka mlango wa bafuni. Msusi aliweka kitana chini, akamwambia mteja, "Nisamehe dada, narudi sasa hivi," akatoka na aproni yake kifuani, nywele za bandia zimemning'inia mabegani.

Koki ni mdogo wake wa kumfuata, mtu mzima mwenye ndevu zake. Jina la kwenye vyeti analo, lakini mtaani hakuna anayelikumbuka. Anaitwa Koki kwa sababu hawezi kuvumilia bomba linalodondosha maji. Mimi na wewe tone tutalisikia, tutalilaani kidogo, kisha tutalala. Yeye linamwingia kichwani kama msumari. Akipita nje ya uzio wa mtu akalisikia, anaingia, anakaza koki, anatoka. Hasalimii, hamwangalii mtu usoni, hagusi kitu kingine. Wenyeji wamemzoea kiasi kwamba koki ikiwashinda kukaza, humwacha apite tu mlangoni na kazi imekwisha.

Halafu kuna jambo la usemi wake. Koki huongea kwa nadra, na akiongea anageuza. "Umechoka," maana yake yeye kachoka. "Unataka maji," yeye ndiye mwenye kiu. Tangu mtoto kila mtu alimwita "wewe", naye akaona hilo ndilo jina lake, na kusema kweli nani wa kumlaumu? Na ukimpa mambo mawili achague, atashika la mwisho. Chai au maji? Maji. Maji au chai? Chai. Siyo kwamba hajui anachotaka. Swali linampita mbio, naye anadaka mkia. Ndiyo maana nyumbani hawamuulizi hivyo. Wanaweka vikombe viwili mezani, wanakaa kimya, na baada ya muda wake mwenyewe ananyoosha mkono. Daktari mmoja, zamani, aliwapa neno la hali yake: usonji. Mama alitembea njia nzima ya kurudi nyumbani akilirudia mdomoni asije akalidondosha.

Siku hiyo, basi, Koki alipita nje ya nyumba iliyopata mpangaji mpya. Bomba la uani lilikuwa linadondosha. Aliingia. Mpangaji akatoka akamkuta mwanamume asiyemjua ameinama karibu na dirisha lake, na dirishani kuna simu inachajiwa. Akapiga kelele. Majirani wakatoka wakisema, "Huyo ni Koki, mwache bwana," lakini gari la doria lilikuwa linapita jirani, na askari akishasikia neno mwizi hataki tena kusikia neno jingine.

Kituoni kulikuwa na koplo mmoja nyuma ya kaunta, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliokuja kumtia msusi wazimu. Mtu angalau akikufokea unajua umefokewa.

"Ndugu yako ana dharau sana," koplo alimwambia. "Namuuliza, nani aliingia kwenye ua wa watu? Ananiambia, 'Uliingia.' Mimi! Mimi nilikuwa hapa hapa kaunta nakunywa soda!"

"Afande, akisema 'uliingia' anajisema yeye. Ndivyo anavyoongea tangu mdogo."

"Hilo nililigundua. Sisi tumesomea kazi hii." Koplo aligonga karatasi kwa kidole. "Ndiyo maana kwenye maelezo nimemsahihishia. Nimeandika, 'Niliingia.'"

"Sawa. Aliingia kufunga bomba. Umeandika hilo?"

"Nikamuuliza vizuri tu, bila hata kofi. 'Ulikuwa unapita au uliingia kuiba?' Akasema, 'Uliingia kuiba.' Nikaandika, 'Niliingia kuiba.' Kiswahili fasaha."

Msusi alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Afande, ungemgeuzia swali angekujibu kwamba alikuwa anapita! Mjaribu sasa hivi. Mwulize, 'Uliingia kuiba au ulikuwa unapita?' Utasikia."

"Sasa nimgeuzie kwa nini wakati ameshajibu?"

"Kwa sababu hajajibu! Amerudia maneno yako!"

"Dada, kazi yangu ni kuuliza. Kugeuza siyo kazi yangu." Alilisema bila kinyongo chochote, kama karani wa posta anayekueleza kwamba dirisha la stempu ni lile la pili.

Msusi alijiambia atulie, maana ukigombana kaunta unamwongezea aliye ndani. "Afande wangu, naomba unielewe. Mdogo wangu ana usonji."

"Ana nini?"

"Usonji."

Koplo aliinua kalamu, macho yamechangamka ghafla. "Usongo? Ana usongo na nani? Na huyo mpangaji?"

"Siyo usongo! U-so-nji. Amezaliwa nao."

"Amezaliwa nao," koplo alirudia taratibu, huku anaandika.

Nyuma ya mlango wa vyuma kulikuwa na kitu kinagongwa, ko, ko, ko, bila kupumzika. Msusi alitega sikio. Kati ya pigo na pigo alisikia kitu kingine, kidogo zaidi. Tone.

"Huko ndani kuna bomba linavuja?"

"La choo. Lilishakufa. Tumeomba fundi tangu mwaka jana."

"Hicho anachogonga ni nini?"

"Kichwa chake," koplo alisema. "Tumemwambia aache."

Aliomba aingie alifunge bomba kwa kitambaa, raia haruhusiwi. Aliomba koplo alifunge yeye. Koplo siyo fundi bomba. Akavua mkanda wa aproni yake, akampa, akamwelekeza namna ya kuuzungusha kwenye mdomo wa bomba ili maji yafuate uzi kimyakimya badala ya kudondoka. Koplo aliupokea kwa heshima zote, akaukunja vizuri, akauweka kwenye droo.

Njiani akirudi nyumbani bila Koki, simu iliita tena. Ni mteja. "Dada yangu, mimi bado nimekaa hapa na nusu kichwa. Nijue moja. Nisubiri, au nijifunge kitambaa niende zangu kwa mume wangu nusu mke?" Siku nyingine wangecheka mpaka waangushe viti. Msusi alimwambia ajifunge kitambaa.

Asubuhi, kabla ya mahakama, alifunga safari ya ofisi ya mtaa. Kituoni alikuwa ameambiwa kwamba akitaka kumdhamini ndugu yake, yeye na mdhamini wa pili wawe na barua yenye muhuri. Mwenyekiti hakuwepo, yuko semina.

"Atarudi lini?"

"Semina ikiisha," alijibu mhudumu aliyekuwa akifuta meza.

"Na msaidizi wake?"

"Yupo. Ni mimi."

"Basi nigongee muhuri, mama."

"Muhuri ameufungia kabatini, na ufunguo ameenda nao semina." Mhudumu alimwangalia kwa huruma ya kweli. "Hata mimi mwanangu anadai barua ya shule wiki ya pili hii."

Kwa hiyo alifika mahakamani mkono mtupu, akamweleza karani kwamba wadhamini hana. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na mabenchi ya mbao, watu wamebanana, kila mmoja na uso wa mtu anayengoja kupangiwa tarehe. Mpangaji mpya alikuwepo, amevaa shati la kazini, anafuta kioo cha simu ile ile bila sababu. Msusi alimwendea moja kwa moja.

"Kaka, simu yako unayo?"

"Ninayo."

"Kuna kitu kilichopotea kwako?"

"Hakuna." Mpangaji aliinamisha kichwa. "Dada, wallahi sikujua. Majirani wamenieleza jana usiku. Hata bomba nililiangalia, kweli amelikaza, halidondoshi. Nimerudi kituoni kusema nafuta. Wameniambia kesi ikishaandikwa ni ya serikali, siyo yangu tena. Mimi sasa ni shahidi tu."

"Shahidi wa nini?"

"Hata mimi sijui," mpangaji alisema, na ilionekana kweli hajui.

Msusi alikuwa na hasira, lakini amtolee nani? Huyu kijana wa watu aliogopa, na mtu akikuta mgeni dirishani kwake ana haki ya kuogopa. Koplo aliandika alichosikia. Mhudumu hana ufunguo. Ukiwachukua mmoja mmoja, kila mtu ni mwema, na mdogo wake yuko ndani anagonga kichwa ukutani.

Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke wa rika lake, amekumbatia rundo la mafaili kifuani, visigino kavitoa nje ya viatu chini ya benchi kwa uchovu. Alifungua faili la Koki, akasoma juujuu.

"Hapa mambo yako wazi. Amekiri kuingia kuiba. Na ndugu yake, nadhani ndiye wewe, amethibitisha kwamba mshtakiwa ana usongo wa kuzaliwa nao dhidi ya mlalamikaji."

"Usongo wa kuzaliwa nao! Na mtu aliyehamia juzi?"

Mwendesha mashtaka alisoma tena, na safari hii pembe ya mdomo wake ikacheza. "Kweli, limekaa vibaya."

"Ni usonji."

"Aa, usonji. Hilo nalijua, tulilisoma." Alilisema hivyo kisha akanyamaza, kana kwamba kulijua kumetosha. "Una karatasi ya daktari?"

"Daktari alitupa neno, hakutupa karatasi. Na alishahama."

"Basi itabidi mpate mwingine. Foleni yao ni ndefu, nisikudanganye." Alifunga faili, akainama karibu. "Nikupe ushauri wa bure, mwanamke kwa mwanamke. Akikana, kesi inapangiwa tarehe, na wewe, karani ameniambia, wadhamini huna. Anakwenda rumande. Umewahi kuiona rumande?"

Msusi alikuwa anasikia lile bomba.

"Akikiri, ni kosa lake la kwanza, hakuna kilichoibwa. Hakimu huyu nimemzoea, atampa onyo, masharti kidogo, atamwachia. Mchana mko nyumbani."

"Lakini hakuiba."

"Sijasema aliiba," alisema mwendesha mashtaka kwa upole ule ule wa koplo. "Nimesema akiri."

Ndani, chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyotarajia. Meza ya hakimu imeinuliwa juu ya jukwaa la mbao, meza ya karani chini yake, feni darini inayokwaruza kila inapozunguka. Walipomtoa Koki, msusi alijibana asitoe sauti. Paji la uso lilikuwa limevimba na kupasuka, damu imekauka kwenye nyusi. Alisimama kizimbani akaiangalia feni. Hakumwangalia mtu mwingine yeyote, hata yeye, ila alipopita karibu alisema kwa sauti ya kawaida, "Unataka nyumbani."

Karani alisoma shtaka kwa mbio za mtu aliyesoma mashtaka maisha yake yote: kwamba siku fulani, mahali fulani, aliingia katika ua wa mtu kwa nia ya kutenda kosa la wizi. "Ni kweli au si kweli?"

Koki aliangalia feni.

"Mshtakiwa, unaulizwa," hakimu alisema. Alikuwa mzee wa miwani, mwenye kikohozi. "Husikii?"

Msusi alisimama. "Mheshimiwa, mimi ni dada yake. Naomba kueleza. Yeye huwa—"

"Maelezo ni wakati wa utetezi, mama. Sasa hivi ni jibu tu."

"Ndiyo, mheshimiwa, lakini namna ya kumuuliza—"

"Anaelewa lugha ya mahakama?"

"Anaelewa, ila..."

"Ila?"

"Ila anaelewa kwa namna yake."

Hakimu alikohoa, akamwangalia Koki, akaangalia lile jeraha kwa muda mrefu kidogo, kisha akaandika kitu. "Njoo usimame karibu naye. Utakuwa mkalimani wake. Karani, mwapishe."

Karani alichukua fomu. "Mkalimani kutoka lugha gani?"

"Kiswahili," alisema msusi.

"Kwenda lugha gani?"

"Kiswahili."

Watu nyuma walicheka. Karani alimwangalia hakimu, hakimu akapunga mkono kwamba endelea tu, na msusi akaapa kwamba atafasiri kwa ukweli na uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza.

Akasimama pembeni ya kizimba, karibu kiasi cha kunusa jasho la selo kwenye shati la mdogo wake. Hapo ndipo alipoliona jambo lenyewe lilivyo. Akiuliza kama karani, ni kweli au si kweli, Koki atasema si kweli, na atarudishwa kwenye lile bomba mpaka Mungu ajue lini. Akigeuza, Koki atasema ni kweli, na watatoka kwa mlango ule pale. Alitafuta namna ya tatu. Vikombe viwili mezani, kimya, na subira: hiyo ndiyo njia. Lakini nani katika mahakama hii angekubali kukaa kimya pamoja nao, na mafaili yale yote yanangoja? Hakukuwa na namna ya kumuuliza ambayo si kumjibia. Alikuwa ameapa kufasiri, na jibu alilotakiwa kulifasiri alikuwa nalo mwenyewe mdomoni, aliteme upande autakao.

"Mama, tunakusubiri," alisema hakimu.

"Koki," alisema. "Si kweli, au ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Koki, macho kwenye feni.

Karani akaandika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka mno, kama gari lililokuwa limekwama kwenye tope likatoka kwa kishindo. Mwendesha mashtaka akasimama, akasema hana kumbukumbu za makosa ya nyuma. Hakimu akatoa onyo. Akasema mshtakiwa ametiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, na mahakama inamwachia kwa sharti kwamba mwaka mzima asionekane ndani ya ua au nyumba ya mtu bila kuitwa. Akionekana, atafungwa kwa kosa hili na kwa hilo jipya. "Umeelewa?" aliuliza, na Koki akasema, "Umeelewa," na hakimu akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Mwendesha mashtaka alipowapita mlangoni alimbonyeza msusi mkono. "Nilikwambia." Alikuwa na furaha ya kweli, ya mtu aliyemsaidia mwenzake.

Walitoka mpaka kwenye ngazi za nje. Jua lilikuwa kali, watu wanapanda na kushuka na bahasha zao. Msusi aliketi kwenye ngazi, na Koki akaketi naye, nafasi ya mtu mmoja katikati yao kama anavyopenda. Alijaribu kufurahi. Si amemtoa? Si wanakwenda nyumbani? Mama atalia, atachemsha maji, atamsafisha kidonda. Halafu kesho mtu ataacha bomba wazi. Aliisukuma hiyo kesho pembeni. Akampigia mama yake, akasema, "Tumeachiwa," akakata kabla mama hajauliza vipi.

Walikaa hivyo. Hakuna aliyewaharakisha, na yeye hakuwa na la kusema, kwa hiyo alinyamaza kwa muda mrefu, bila kujua kwamba ananyamaza vile vile wanavyonyamaza nyumbani wakimsubiri anyooshe mkono.

"Hukuiba," alisema Koki.

Msusi aligeuka. "Unasemaje?"

Koki alikuwa anaangalia mikono yake. Hakuwa anarudia swali la mtu. Hakuna mtu aliyeuliza kitu. Paji lake lilijikunja kwa bidii, jeraha likafunguka kidogo, na maneno yakatoka moja moja kama yanapandishwa kutoka kisimani. "Hukuiba. Ulifunga. Hukuiba."

Kwa mpita njia lingekuwa neno la kumfariji dada yake. Msusi alilisikia lilivyo. Sikuiba. Nilifunga. Sikuiba. Kumbe alikuwa nalo. Alikuwa nalo selo, akalibeba mpaka kizimbani, na wakati analitafutia njia ya kutokea, dada yake wa kuzaliwa naye akamwekea jingine mdomoni. Koplo alikosea kwa kutojua. Mwendesha mashtaka kwa kuchoka. Yeye peke yake, katika watu wote wale, alijua anachokifanya.

Alilia, na hakujificha. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanda ngazi alimpa pole akidhani amefiwa.

Alipomaliza alijifuta kwa aproni ile ile ya jana, isiyo na mkanda, akasimama. "Koki, nikirudi ndani, wanaweza kukurudisha kule. Unanielewa? Kule kwenye bomba." Hakumuuliza anataka au hataki. Alisimama tu, nyuma yake mlango wa mahakama, mbele yake barabara ya nyumbani, akanyamaza. Akasubiri. Watu waliwapita, mmoja akawasonya kwa kuziba njia. Koki aliangalia barabara. Aliiangalia sana. Kisha akainuka, akapita pembeni ya dada yake, akaanza kupanda.

Karani alikuwa amebaki peke yake, anapanga mafaili ya mchana kwenye boksi la karatasi. Aliwaona, akakunja uso. "Mmesahau kitu?"

"Nataka jibu libadilishwe," alisema msusi.

"Jibu gani?"

"La kesi yetu. Lile la ni kweli."

Karani aliweka boksi chini taratibu. "Mama, mmeshaachiwa. Mnajua watu wangapi hapa wanalia kupata mlichopata? Ukilifungua hili faili linaanza upya. Mtasubiri tarehe. Na wewe ulisema wadhamini huna." Alimwonyesha Koki kwa kidevu, akimhurumia. "Kwanza jibu la mshtakiwa haliwezi kubadilishwa na ndugu. Jibu ni lake."

"Lake hamjaliandika," alisema msusi. "Mliloandika ni langu. Mimi ndiye niliyeiba."

Karani alimtazama msusi, akamtazama Koki aliyekuwa ameshakwenda kusimama mwenyewe kizimbani, akavuta kiti.

"Basi keti," alisema. "Hakimu anakula. Akirudi, sijui atasemaje."

Msusi hakuketi. Alikwenda akasimama karibu na mdogo wake, mbali kidogo, akafunga mdomo.